Ile ya Kitambaa na Ile ya Ngozi

Mume wangu aliniambia nichague gari, nikachagua. Sikujua kwamba katika ukoo wao, watu wa boti wa hapa Baraka, kando ya Ziwa Tanganyika, tangu babu na babu, mke akiwekewa vitu viwili vinavyofanana na akachagua kimoja mbele ya wanawake wa nyumba, ameruhusu mke wa pili aingie. Anachokichagua ni chake, kinachobaki ni cha mwenzake. Zamani vilikuwa vitenge viwili, au masanduku mawili, na katika nyumba moja ya karibu na msikiti wanasema walikuwa mbuzi wawili. Kwangu zilikuwa Prado mbili. Nilichagua huku nikicheka, na kile kicheko kinaniuma mpaka leo kuliko neno lolote nililoambiwa baadaye.

Wanasema mgeni ana macho lakini haoni. Mimi nilikuwa mgeni katika nyumba ile miaka yote niliyojidhania mwenyeji.

Nimezaliwa Lubondja, kijiji cha milimani, kwenye mihogo na mahindi, katika nyumba ya mzee wa kanisa. Mama alifariki ningali msichana, baba akanilea. Nilipomaliza masomo nilishuka Baraka kufundisha shule ya msingi. Siku moja mume wangu alikuja kumwandikisha mpwa wake. Kesho yake akarudi kuuliza kama darasa lina madirisha. Keshokutwa akarudi kuuliza kama mvua ikinyesha inaingia ndani. Nikamwambia, "Papa, mutoto wako si wa chumvi." Alicheka mpaka akakaa kwenye dawati la watoto, magoti yamemfika kifuani, na mimi hapo nikawa nimekwisha.

Baba hakutaka. Hakumchukia mtu mwenyewe, alisema tu, "Bale banaoaka bane," yaani Waislamu huoa wake wanne, na kwake hilo lilimaliza mazungumzo. Mume wangu hakukata tamaa. Alipanda Lubondja na wazee wake, na mbuzi, na mablanketi, kama desturi ya kwetu Wabembe inavyotaka. Baba akawakaribisha vizuri, akawalisha ugali, kisha akawarudishia mbuzi wao na mablanketi yao. Ndipo mume wangu aliposimama mbele ya wazee wa pande zote mbili akasema, "Mzee, mi nitakuwa na huyu mumoja tu mpaka kufa. Mungu anasikia."

Baba akajibu, "Mungu anasikia, na mi nitangoja."

Mimi aliniita nyuma ya nyumba. Hakunipigia kelele, na ingekuwa afadhali kelele. "Enda," alisema. "Lakini siku ataleta wa pili, usikuye kunililia hapa."

Nikaenda. Kwao ni halali kuoa Mkristo, kwa hiyo nilibaki na Biblia yangu, nikapika futari yao, nikavaa mtandio kwenye maziko yao, nikajua nani hasemeshani na nani. Niliishi juu ya ile ahadi ya mume wangu kama mtu anavyoishi juu ya ardhi, bila kuiangalia. Na aliitimiza. Mwaka baada ya mwaka, wenzake walipokuwa wanaongeza nyumba, yeye aliongeza boti. Watoto wakazaliwa, wakakua. Nilikuwa napanda Lubondja kumwona baba, kwa pikipiki, mgongo unalia, na baba alinipokea, akauliza habari za watoto mmoja mmoja, lakini mume wangu hakumtaja hata siku moja. Ndagala, dagaa wa ziwani, nilizompelekea aliwagawia majirani. Mimi nilijisemea, ngoja tu, mzee, wakati utakuonyesha. Nilitaka siku moja baba akubali kwamba sikupotea. Nilikuwa naitamani siku hiyo kuliko mali yoyote ya mume wangu.

Sasa, habari za jicho langu. Katika duka letu la vitenge mimi ndiye niliyekuwa nachagua. Mizigo ikifika kutoka Kigoma, nilikuwa nageuza kitambaa upande wa nyuma kwanza, kwa sababu upande wa mbele kila kitenge ni kizuri. Mume wangu alikuwa akiwaambia wateja, "Hapa mi ni mubeba mizigo tu, macho ni ya mama batoto." Kwa hiyo alipoanza kunionyesha picha za magari kwenye simu baada ya kula, sikushangaa. Nilifuta mikono, nikavaa miwani.

"Angalia hii, na hii, na hii," alisema. "Uniambie yenye moyo wako inapenda."

"Si ni moja ile ile?"

"Hapana. Angalia muzuri."

Zilikuwa Prado tatu, nyeupe zote, za mfanyabiashara mmoja aliyezitoa Dar es Salaam. Hapa kwetu kila gari refu lenye miguu ya kupandia milima tunaliita jipe na mambo yameisha. Kumbe kuna ukoo mzima mle ndani. Kuna TX, kuna TXL, kuna VX, na ukizipanga mstari mmoja utadhani mama yao amezaa mapacha watatu. TX viti vyake ni vya kitambaa, rangi ya majivu, na inakunywa mazutu, yaani dizeli. VX inakunywa petroli, ina viti vya ngozi, rangi ya chai yenye maziwa mengi, dirisha kwenye paa la kuangalia nyota, kisanduku cha baridi katikati ya viti cha kuweka soda, na kitufe cha kuinua gari lote likapanda juu lenyewe. TXL iko katikati: ina ngozi lakini haina dirisha la juu, mtoto wa kati asiye na lake.

"Hii ya katikati tuitoe," mume wangu alisema baada ya siku chache. "Zibakie mbili."

Niliona ni busara. Ukiwa na vitu vitatu kichwa kinazunguka.

Nisiseme uongo, zile wiki zilikuwa tamu. Mume wangu alikuwa anarudi nyumbani mapema. Tulikaa uani, simu katikati yetu, tukibishana kama vijana wachumba. Nilimuuliza tairi la akiba linakaa wapi, maana likikaa chini ya gari, kwenye matope ya kwenda Fizi utalala ukilitafuta kwa tumbo. Nilimuuliza nani hapa Baraka ataitengeneza ile ya kujiinua siku itakapokataa kushuka. Nilikwenda mpaka sokoni saa sita mchana, nikamwomba dereva wa shirika moja anifungulie gari lake la ngozi, nikaweka kiganja kwenye kiti. Nikakitoa mbio. Dereva alicheka, akasema yeye anakalia taulo.

Mume wangu alikuwa ananiangalia nikieleza haya yote, macho yake yana maji maji. Niliona ni mapenzi. Baadaye nilielewa kwamba kweli yalikuwa mapenzi, na hapo ndipo ninaposhindwa kulala.

Magari mawili yalifika kwa njia ya Uvira yakiwa na vumbi mpaka kwenye nyusi. Yaliegeshwa katika ua wa rafiki yake karibu na bandari, yakaoshwa. Nilikuta wanawake wa ukoo wamejaa pale. Mama mkwe amevaa ile baibui yake ya Idi. Wifi yangu, dada yake mume wangu, yuko katika kitenge kipya ambacho mimi mwenyewe nilimchagulia dukani. Shangazi zao wamekuja kwa miguu, wengine kwa pikipiki, na kila mmoja ananukia udi. Nikajisemea, kumbe hawa watu wanapenda magari hivi? Sikuwa na kengele hata moja iliyolia ndani yangu. Mume wangu mwenyewe hakuwepo, na hilo nalo sikuliuliza, nilidhani ana mizigo ya kupokea.

Nilizunguka magari yale kama ninavyozunguka mzigo wa vitenge. Niliinama, nikaangalia chini. Nilifungua mlango wa nyuma. Niliingia kwenye VX, nikakaa juu ya ile ngozi, nikabonyeza kitufe cha dirisha la paa, jua likaanguka lote mapajani mwangu. Nikatoka. Nikaingia kwenye TX, nikaegemea kile kitambaa cha majivu, nikawaza mgongo wa mume wangu unaomsumbua, nikawaza askari wa vizuizini ambao wakiona gari linalong'aa sana wanapata kiu, nikawaza mazutu ambayo inapatikana mpaka Fizi. Nikashuka.

"Mukwe wangu," mama mkwe aliuliza, na wanawake wote wakanyamaza. "Umechagua?"

"Nimechagua, mama. Hii ya kitambaa."

"Moyo wako umetulia?"

"Umetulia kabisa, mama."

"Na ile ingine?"

Mimi kwa mdomo wangu huu, ambao baba alisema utanifikisha pabaya, nilijibu: "Ile ingine? Mwenye ataipata, Mungu amubariki. Lakini jua ya Baraka itamufundisha kukalia ngozi!"

Ua ulilipuka. Vigelegele, makofi, shangazi mmoja alianguka mabegani mwangu akilia kwa kucheka. Mama mkwe alinikumbatia kwa muda mrefu, yeye ambaye si mtu wa kukumbatia, akanitia ufunguo mkononi na kuufunga mkono wangu kwa mikono yake miwili. Nilishangaa kidogo. Nikajisemea, leo nimewachekesha kweli.

Kesho yake asubuhi wifi yangu alikuja kunisaidia kutwanga sombe, majani ya mihogo. Huyu ndiye niliyempenda kuliko wote katika ule ukoo, na yeye alinipenda. Alitwanga kidogo, halafu akasimamisha mchi.

"Wifi," alisema, "weye ni mwanamuke wa ajabu. Ingekuwa mimi, ile motokari ningeichoma moto."

"Juu ya nini?"

"Ah, wifi. Na vile ulimutania! Bibi arusi bamemuambia, na yeye akacheka."

"Bibi arusi gani?"

Nilimwona akinitazama. Kwanza alitabasamu, akidhani nafanya mzaha, halafu tabasamu likaondoka polepole, na mchi ukamponyoka ukaanguka chini. Aliweka mkono mdomoni. Kisha akaniambia yote, akilia kuliko mimi, kwa maana mimi nilikuwa bado sijafika kwenye kulia. Aliniambia habari za vitenge viwili vya bibi yake, na masanduku mawili ya mama yake mdogo. Aliniambia ndoa ni Jumapili, na bibi arusi ni binti wa mwenye boti mwenzake mume wangu, msichana ambaye nilikuwa nimempimia vitenge dukani kwetu na kumpunguzia bei kwa sababu ya adabu yake.

"Tulizania unajua," alirudia. "Kila mutu anajua. Miaka yote hii uko wetu."

Nilikwenda dukani kwa miguu, majani ya sombe mikononi. Mume wangu alikuwa amesimama kati ya majora ya vitenge. Alipouona uso wangu alifunga mlango wa duka.

"Ulisema mumoja mpaka kufa," nilimwambia.

"Nilisema."

"Mbele ya papa yangu."

"Nilisema," alirudia, na sauti yake ilikuwa ya mtu mgonjwa. "Lakini mama alikuuliza, mama batoto. Alikuuliza mbele ya bamama bote kama moyo imetulia. Balikuya kuniambia, amechagua, na amecheka, na ametubariki. Nililia. Nilisema, huyu mwanamuke Mungu njo alinipa. Ungekataa kuchagua, mi ningeacha. Nakuapia ningeacha."

"Kwa nini hukuniambia kwa mudomo yako?"

Alitazama chini. "Ile desturi iko juu ya ile. Ili mutu asiseme na mudomo."

Nilielewa hapo kwamba hakunidanganya. Wiki zile zote alikuwa ananiuliza swali, usiku na mchana, kwa simu mkononi, na mimi nilikuwa namjibu habari za tairi la akiba. Nilitaka kumchukia, nikatafuta mahali pa kushika, nikakosa. Basi nikamuuliza kile ambacho mwanamke mwenye akili hapaswi kuuliza.

"Ni mama yako alipanga?"

Angeweza kusema ndiyo. Ningeishi na ndiyo ile.

"Hapana," alisema. "Mi mwenyewe nilipenda."

"Nilikosa nini?"

"Haukukosa kitu. Hata kimoja."

Nilitamani aseme kosa. Hata la uongo, hata kwamba chakula changu kina chumvi. Nilikaa juu ya jora la kitenge, nikalia katika duka lenye mlango uliofungwa, huku wateja wakigonga nje.

Mama mkwe alinipokea jioni ile bila hasira. Aliposikia kwamba sikujua, alishika tasbihi yake, akasema hajawahi kuona jambo kama hilo na kwamba kosa ni la wale walionioza bila kunifundisha, yaani yeye. Halafu akaniambia neno ambalo lilinipa pumzi. "Ukirudisha ufunguo mbele ya adhuhuri ya Jumapili, mambo inakufa. Hata kwa simu, useme tu, mama, narudisha. Hakuna atakulazimisha, hata yeye. Njo ginsi tunafanyaka." Kisha akaongeza, kwa huruma, "Lakini jua na wewe kwenye utalala. Mwanaume mwenye ameaibishwa mbele ya mukwe wake mupya, roho yake hatuijue."

Kwenye nitalala, yaani wapi. Nililifikiria neno hilo siku zote zilizobaki. Kurudisha ufunguo ni kumvunjia mume wangu jina mbele ya mji, na labda kuvunja nyumba yangu pamoja naye. Kutorudisha ni kukubali. Mtu mwenye pa kwenda anaweza kuwa jasiri. Mimi nilikuwa na mahali pamoja tu pa kwenda, na mwenye mlango alikwisha kuniambia nisije kumlilia. Nikaamua nitakwenda kulia hivyo hivyo. Kama baba atasema, "Haya, ingia," nitapiga simu. Sikutaka kingine kwake ila hilo.

Jumamosi nikachukua TX yangu. Nilijifunza kuendesha kwenye kamionete ya duka, na katika mji wetu hilo peke yake linatosha kuzungumzwa. Nilipopita sokoni wanawake watatu wa Lubondja waliokuwa wanarudi nyumbani wakanisimamisha, wakapanda na vikapu vyao, kuku mmoja, na dumu la mawese. Barabara ya kupanda Fizi ilikuwa imeliwa na mvua. Kwenye kizuizi askari aliinama dirishani akauliza, "Mama, mwenye gari iko wapi?" Wale wanawake wakamjibu kabla yangu, "Si huyu? Uko kipofu?" Wakacheka mpaka Fizi. Mimi nilikuwa naendesha, naitikia kwa kichwa. Mmoja alipapasa kiti akasema, "Kitambaa muzuri. Haichome." Nikasema ni kweli, haichomi.

Baba alikuwa uani anachambua maharage. Aliposikia injini alisimama, mkono juu ya macho. Wale wanawake walishuka wakimpigia kelele za furaha, "Mzee, ona binti wako!" wakashika njia zao. Tukabaki wawili, na gari katikati.

Alilizunguka polepole. Aliweka kiganja juu ya boneti, bado ina moto.

"Ni ya nani?"

"Ni yangu, papa."

"Bwana wako alikununulia?"

Ilikuwa mara ya kwanza kumtaja mume wangu tangu siku ya wale mbuzi. Nilisema ndiyo.

"Na nani alichagua?"

"Ni mimi."

Alirudi akakaa kwenye ngazi ya mlango. Nilikuwa nimejipanga, maneno yangu yote yapo mdomoni, papa nimekuja kukulilia. Nilifungua mdomo. Yeye akawahi.

"Mi ni muzee mujinga," alisema. "Mutu mwenye anatafuta wa pili, anaweza kununulia wa kwanza kitu sawa hii, na amuache achague mwenyewe? Hapana. Nimengoja miaka yote juu ya neno yangu mubaya. Nilikutenga bule, mama."

Ananiita mama kwa sababu nilirithi jina la mama yake. Alikuwa hajaniita hivyo tangu nilipoolewa. Nilipolisikia nililia, nikalia kwa sauti, na baba akadhani nalia kwa furaha, akanishika kichwa akaniombea. Nilisema, "Papa, sikiliza," na yeye akasema, "Nyamaza, mama, nyamaza, imekwisha." Nikajaribu tena, yeye akaendelea kuomba.

Akaomba kuingia ndani ya gari. Alivua mabuti yake ya shamba kwanza, akayaweka nje. Nikamwambia, "Papa, ingia na viatu." Akakataa. Alikaa kiti cha mbele, miguu mitupu juu ya zulia, mikono magotini, akitazama mbele kama tunakwenda mbali. Jioni nilipika mukeke niliokuja nao kutoka ziwani, na baba akaula, samaki wa fedha ya mume wangu, akalamba vidole. Nilimtazama akila. Nilijisemea, kesho asubuhi, kabla ya kanisa, nitamwambia.

Asubuhi alitoka akiwa amevaa koti lake la zamani, akasimama kando ya gari akingoja afunguliwe. Kanisa liko juu kidogo ya kijiji, dakika chache kwa miguu, lakini yeye alitaka kufika nalo. Njiani aliteremsha kioo akawa anasalimia watu waliokuwa mbele ya macho yake kila siku kana kwamba ametoka safari. Mimi nilihesabu nyumba zilizobaki mpaka kanisani, nikasema sasa, sasa, halafu tukafika.

Pale juu mtandao unashika. Niliweka simu kwenye paja langu, chini ya kitenge, namba ya mama mkwe tayari. Nyimbo zilikuwa ndefu, kwaya tatu, kisha mahubiri. Niliona saa ikikaribia sita. Nilifikiri, nitatoka nje, nipige, nimwambie mama narudisha, halafu nirudi nimweleze baba yatakayokuwa yamekwisha kutokea. Labda angenisamehe. Nilishika benchi nikaanza kuinuka.

Baba aliinuka kabla yangu, kwenye viti vya wazee kule mbele, akaomba neno. Aliniita. "Mama, kuya hapa." Watu waligeuka. Nikaenda, simu mkononi, nikasimama kando yake, naye akanishika mkono ule ule wenye simu.

"Bandugu," alisema, "munajua nilikataa mbuzi ya mukwe wangu. Nilisema mbele yenu, huyu ataoa wa pili, ataoa na wa tatu. Niliapa. Leo nataka kutubu. Yule mutu alipiga kiapo mbele yangu, na amechunga neno yake miaka yote. Mi nilikuwa muongo, yeye alikuwa wa kweli. Ninyi wenye binti, musitazame dini ya mutu, mutazame kama anachunga neno." Sauti ilimkatika. Sijawahi kumwona baba akilia, hata kwenye maziko ya mama. "Nitashuka Baraka. Nitakula kwake. Nitamuomba pardo, musamaha, na mudomo yangu."

Kanisa lote lilikuwa limesimama, watu wanapunga mikono. Simu ilikuwa imebanwa kati ya viganja vyetu, nikasikia imepata joto la mkono wake. Aligeuka akanitazama, uso wake wote umefunguka, akaniuliza mbele ya watu, "Ni uongo, mama? Si amekuchunga wewe mumoja?"

Nikasema, "Ni kweli, papa." Watu wakasema amina, na mimi nikasema amina pamoja nao, na adhuhuri ikapita.